Vuta Tela kwa Kwadi Uonekane Fundi wa Siku Nyingi

Ndugu yangu, kwadi umenunua, mtaa mzima umeiona, na sasa watu wanasubiri kitu kimoja tu: siku utakayofunga tela nyuma yake. Huna miaka ishirini ya kujifunza. Una jioni moja. Inatosha. Sogea nikunong'oneze.

1. Usihangaike kuchagua ndoano. Liache tela likuchagulie. Wenzako watashinda dukani wakilinganisha vyuma vinavyong'aa. Wewe nenda kwanza ukatazame shingo ya tela lako. Ikiwa na tundu tupu, nunua pini. Ikiwa na kikombe, nunua tufe la chuma. Unayo matela mawili yasiyofanana? Chukua bamba moja lenye tufe, tundu la pini na pete ya kufungia kamba. Umemaliza kabla hawajaanza kubishana.

2. Kwenye tufe usikimbie. Hapa ndipo wajuaji huumbuka. Tufe la Kimarekani la nchi 2 ni milimita 50.8. Vikombe vingi vya matela yetu ni vya milimita 50. Tofauti haifiki hata milimita moja, lakini kikombe kinaweza kuligomea tufe, na hapo muuzaji atakupa dogo kidogo, la nchi 1⅞. Hilo litaingia bila shida. Komeo litashuka, utasikia mlio wake, roho itatulia. Kumbe ni milimita 47.6 tu, na kwenye shimo la kwanza kikombe kitaruka, tela lishike njia yake.

Basi shika hila hii. Vipimo vya tufe huchongwa juu ya kichwa chake. Namba ikiwa imefutika, azima kalipa kwa fundi wa vyuma, upime tufe, kisha usome maandishi ya kikombe. Viwili hivyo vilingane. Halafu funga komeo, shika shingo ya tela kwa mikono miwili, uinyanyue kwa nguvu. Matako ya kwadi yakipanda nayo, uko salama. Kikombe kikitoka peke yake, mshukuru Mungu bado uko uani. Jaribio hili ni la nusu dakika, na watazamaji watadhani umelirithi kwa babu.

3. Kimo. Tela likikaa tambarare, pima kutoka ardhini hadi kwenye kikombe. Mpandishe mtu kwenye kwadi, pima hadi kwenye mdomo wa mraba wa nyuma, ule unaopokea chuma cha tufe. Tofauti ya vipimo hivyo ndiyo mkunjo wa chuma unachohitaji. Vyuma vingi vya aina hiyo ukivigeuza juu chini, cha kushuka kinakuwa cha kupanda, kwa hiyo usiuziwe viwili. Mdomo wenyewe kwa kwadi nyingi za kazi ni wa nchi 2, nyingine nchi 1¼. Pima kabla ya kulipa.

4. Uzito usiukisie. Kitabu cha mashine kimeshakufanyia hesabu: Honda Rancher 420, kwa mfano, imeandikiwa kuvuta kilo 385, na tela lenyewe limo humo, si mzigo peke yake. Uzito unaolalia tufe uupime kwa ile mizani ya kupimia watu. Iweke juu ya tofali, laza shingo ya tela lenye mzigo, soma. Asilimia 10 hivi ya uzito wote ni kiasi kizuri, mradi usivuke kilo ambazo kitabu kimeruhusu kwenye ndoano. Zikizidi, sukuma magunia nyuma kidogo. Usiyapeleke yote nyuma: shingo ikiwa nyepesi, tela hutikisa mkia na kukuyumbisha.

5. Kuna njia moja ya mkato ninayokukataza kabisa: kufunga kamba kwenye keria. Ni rahisi, ipo karibu na mkono, na inaua. Mvuto ukipita juu ya ekseli ya nyuma, magurudumu ya mbele hunyanyuka na mashine kukupindukia. Vuta kwa ndoano ya chini tu. Minyororo ya usalama ipishanishe chini ya shingo, ili tela likichomoka shingo idakwe isizame udongoni.

6. Sasa aibu kuu, kurudi nyuma. Tela fupi hujikunja kabla hujageuza kichwa, na hapo ndipo watu huleta viti. Usirudi nyuma. Funga tufe la pili mbele ya kwadi, kwenye fremu yenyewe, si kwenye bomba la bampa. Ukifika uani, fungua tela, zungusha kwadi, lishike kwa mbele, ulisukume bandani huku unaliona lote. Linakwenda polepole, linatii, na shingo yako haiumi. Anayetazama hajui kwamba hujui kurudi nyuma. Anaona mtu mwenye matufe mawili.

Tela tupu, gia ya chini, uwanja tambarare: ukiyashika hayo matatu, tela litaingia bandani mara ya kwanza.