Barua ya Wazi kwa Idara ya Kupendezesha Mji

Kwa Mkuu wa Idara,
Mji wetu, Kanda ya Kati.

YAH: PONGEZI KWA KUTUONDOLEA MITI ISIYO NA GHARAMA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Wakazi tumefarijika kuona ule mkwaju wa kwenye kipilefti umeng'olewa pamoja na kivuli chake. Ulikuwa mti wa aibu. Tangu tuzaliwe haukuwahi kuomba boza, haukuajiri kibarua, wala haukutangaziwa zabuni. Mahali pake mmetuletea mitende ya mapambo yenye asili ya Karibi, imeegemezwa magongo kama majeruhi, na chini yake zulia la pasipalamu.

Wenye nongwa wanasema huku mvua hunyesha Desemba hadi Aprili, basi, miezi iliyobaki ni jua na vumbi. Hawajui kwamba kiangazi ndiyo mavuno ya mwenye boza. Nimepiga hesabu: milimita moja ya maji kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Bustani ya mita za mraba 200 mkiipa milimita tano, ni lita 1,000, yaani madumu 50 ya lita 20. Kila siku. Na kwa kuwa mnamwagilia saa saba mchana, jua nalo hupata mgawo wake. Yanayobaki huvuka ukingo hadi barabarani, ambako kina mama wa mtaani, bomba likiwa kavu, huyakinga kwa vikopo. Huduma kwa jamii hiyo; msisahau kuiandika kwenye taarifa ya robo mwaka.

Ila nawatahadharisha: nyuma ya stendi umebaki mbuyu. Kiangazi hupukutisha majani na kuishi kwa akiba ya shina lake, bila kibali chenu. Mgunga hushusha mizizi chini sana kujitafutia maji, kinyume cha taratibu za manunuzi. Mshubiri huficha yake kwenye majani. Ukoka nao hukauka bila kulalamika, ukaja kuchipua mvua za kwanza. Nani atalipwa posho ya kusimamia mimea ya namna hiyo?

Kweli, mche wa mgunga huhitaji maji msimu wa kwanza au wa pili, na uzio wa kuzuia mbuzi. Lakini fungu la misimu miwili, hilo nalo ni fungu?

Naomba mbuyu huo uitwe mbele ya kamati ujieleze.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mlipa ushuru.

Nakala:
Mwenye boza (kwa taarifa).
Mbuyu, nyuma ya stendi (kwa utekelezaji).