Usingizi wa Skrini Mjini Kolwezi

Hakuna hitilafu ya kompyuta ya mezani inayozua fitina katika ofisi za Kolwezi kuliko ile ya skrini kulala na kukataa kuamka, kwa sababu katika mji huo giza lolote, hata liwe la upana wa meza moja, huhukumiwa kwanza kuwa ni kosa la umeme.

Hukumu hiyo ina chanzo chake. Kolwezi, makao makuu ya jimbo la Lualaba tangu mwaka 2015, una mabwawa ya Nzilo na N'Seke katika ujirani wake, na ndiko inakofikia ile laini ya umeme yenye urefu wa takribani kilomita 1,700 kutoka Inga, iliyokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980 hasa kwa ajili ya migodi ya shaba na kobalti. Pamoja na neema hiyo yote, kurani, kama wakazi wanavyouita umeme, hukatwa kwa zamu katika utaratibu wa delestaji, yaani kuuzimia mtaa mmoja ili mwingine uwake. Ndiyo maana karani anayeona skrini imegeuka nyeusi huanza kuulaani umeme hapo hapo, huku feni ikiendelea kumpepea kisogoni.

Kulala kwa skrini ni jambo la makusudi: kibodi na kipanya visipoguswa kwa dakika kadhaa, kompyuta huacha kutuma picha, na skrini hupunguza matumizi yake hadi chini ya wati moja. Desturi hiyo ilipata nguvu mwaka 1992, idara ya mazingira ya Marekani ilipoanzisha alama ya Energy Star kwa vifaa visivyofuja umeme. Waliobuni mpango huo walifikiria ofisi ambazo umeme hauondoki mpaka mtu akumbuke kuuzima. Hawakufikiria mji ambao umeme hujibania wenyewe bila kuombwa.

Balaa huanza pale skrini inapolala ilhali kompyuta iko macho. Mmoja huipiga skrini kofi la ubavuni, mwingine huchomoa na kuchomeka nyaya zote, hata ile ya birika la chai, na shefu, ambaye cheo chake humruhusu kujua kila kitu, huinama chini ya meza na kukishikilia kitufe cha kuwashia kompyuta. Sauti ya “Papa, usifinye hapo!” hufika ikiwa imechelewa, kwani kitufe hicho kikishikiliwa kwa sekunde chache huzima mashine nzima, na barua ambayo haikuhifadhiwa hupotea nayo.

Visa vya kweli huwa vidogo kuliko hasira zinazovizunguka. Kebo ya picha, ile yenye skrubu mbili ambazo hakuna anayezikaza, hulegezwa na ufagio wa asubuhi. Au skrini yenye matundu mawili hungojea picha kwenye tundu lisilo na kebo. Katika baadhi ya skrini za kisasa, usingizi huwa mzito kiasi kwamba kompyuta hudhani skrini imechomolewa, hivyo haitumi picha, nayo skrini, kwa kukosa picha, haiamki. Zikabaki kama wakwe wawili, kila mmoja akingojea mwenzake atangulie kusalimu.

Kwa hiyo uchunguzi una utaratibu wake: kwanza taa ya chumbani, kisha kijitaa cha skrini, ambacho kikiwa na rangi ya chungwa aghalabu huashiria usingizi, halafu kebo. Kwenye mfumo wa Windows, kufinya kwa pamoja kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B huanzisha upya programu inayoendesha picha bila kuifuta barua. Na ugonjwa ukirudi, muda wa kulala huongezwa au kuondolewa kabisa kwenye mipangilio ya umeme. Kurani ya Kolwezi ina mashtaka yake ya kutosha, na si haki kuibebesha pia makosa ya skrubu mbili.