Sifa za Ubishi wa Mkataba wa Maguire

Waliosifia mvua ni wengi, waliosifia mama hawahesabiki. Ubishi kuhusu mkataba wa beki Harry Maguire haujapata wa kuusifia, ingawa umedumu vijiweni kuliko kocha yeyote aliyemfundisha pale Manchester United. Mwandishi wa sifa hizi ana haki ya kuanza, kwa sababu aliwahi kusimama kwa mguu mmoja kama korongo, dakika arobaini nzima, huku fundi viatu akitumia kiatu chake kama kielelezo cha beki anavyochelewa kugeuka.

Fadhila kuu ya ubishi huu ni elimu ya sheria.

Tazama wajumbe wa baraza la kijiweni. Kuna dereva wa bodaboda anayepeleka hesabu ya siku kwa mwenye pikipiki, kuna muuza mihogo, kuna kibarua wa ujenzi, na fundi mwenyewe. Kati yao hakuna aliyewahi kutia saini mkataba wa kazi. Lakini wote wanakijua kipengele cha kuongeza mwaka mmoja, tena wanajua kuwa ni haki ya klabu, si ya mchezaji. Wanajua kwamba Januari 2025 United walikitumia wakamfunga Maguire hadi Juni 2026. Wanajua mchezaji aliyebakiza miezi sita anaruhusiwa kuzungumza na klabu za nje. Muulize dereva haki yake mwenye pikipiki akiichukua kesho asubuhi, atakuambia usimtoe kwenye mada.

Baraza hili lina mwendo ambao mahakama zingefaa kuuiga. Kufungua shauri hakuna ada. Jalada halipotei, kwa kuwa halipo. Hakimu, mwendesha mashtaka na shahidi ni mtu mmoja, na hilo huokoa muda na viti. Hukumu hutangulia, ushahidi hufuata ukipatikana. Rufaa nazo husikilizwa usiku huohuo. Aprili 17, 2025, Lyon walipokuwa mbele 4-2 Old Trafford katika muda wa nyongeza, kibanda umiza kizima kiliamua Maguire aachwe, tena bila kiinua mgongo. Dakika ya 121 beki huyo, aliyekuwa amesukumwa mbele acheze kama mshambuliaji, akafunga kwa kichwa: 5-4, jumla 7-6. Kabla ya saa saba usiku wajumbe walewale walikuwa wamemwongezea miaka miwili, na mmoja akadai sanamu. Oktoba 19 mwaka huohuo alifunga tena kwa kichwa, dakika ya 84, United wakashinda 2-1 Anfield kwa mara ya kwanza katika ligi tangu Januari 2016. Baraza likamwongezea mwaka wa tatu, bila klabu kuombwa maoni.

Umaarufu wa shauri hili umefika hadi bungeni, nchini Ghana. Mwishoni mwa 2022, mbunge Isaac Adongo alimkejeli Makamu wa Rais, Mahamudu Bawumia, kwa kumfananisha na Maguire, beki wa kulitia hatarini lango lake mwenyewe. Mwaka mmoja baadaye Maguire alikuwa amerudi kwenye kiwango, akiwa njiani kuwa mchezaji bora wa Novemba wa Ligi Kuu ya England. Mheshimiwa akasimama tena bungeni, akamwomba radhi mchezaji. Makamu wa Rais hakuombwa.

Fadhila nyingine ni ndogondogo: ubishi huu hupoza chai, husahaulisha kodi ya nyumba, na humpa mtu asiye na nauli nafasi ya kumwita milionea garasa.

Hilo neno garasa ndilo linalomkwamisha mwandishi. Aprili 2022 polisi walipekua nyumba ya Maguire kwa tishio la bomu. Julai 2023 alivuliwa kitambaa cha unahodha, na kiangazi hichohicho klabu yake ikakubaliana na West Ham imuuze kwa pauni milioni 30, biashara ikavunjika. Septemba, pale Hampden, aliingia kuichezea England akajifunga, na Waskoti wakawa wanampigia makofi ya kejeli kila akigusa mpira. Mama yake mzazi akalazimika kujitokeza hadharani kumtetea mwanawe. Kosa lake? Pauni milioni 80, kwamba Agosti 2019 alinunuliwa ghali kuliko beki yeyote duniani, akampita Virgil van Dijk wa milioni 75. Sasa jamani, bei ya mbuzi hupangwa na mbuzi? Leicester walitaja, United wakalipa, na anayezomewa ni yule aliyepimwa uzito!

Waliolipa hawajawahi kufikishwa mbele ya baraza. Julai 2024 walimwongezea kocha Erik ten Hag mkataba hadi 2026, Oktoba 28 wakamfukuza. Kuachana naye na wasaidizi wake kuligharimu pauni milioni 10.4. Mkurugenzi wa michezo, Dan Ashworth, aliyeanza kazi Julai hiyohiyo, aliondoka Desemba, zikatoka milioni 4.1 nyingine. Mwaka uleule wafanyakazi wapatao 250 walipunguzwa ili kubana matumizi. Februari 2025 ikatangazwa kwamba wengine hadi 200 wangefuata, na chakula cha mchana cha bure kwa wafanyakazi wa Old Trafford kikafutwa, wakaachiwa matunda. Makarani wale nao walikuwa na mikataba. Hakuna kijiwe kilichokesha kwa ajili yao.

Mwandishi alimtajia fundi hizo milioni 14.5. Fundi akanyamaza, sindano mkononi, akasema hayo ni mambo ya uongozi, kisha akarudi kwa Maguire na mgeuko wake.

Baraza litakaa tena leo jioni. Wajumbe wanaombwa, kwa heshima zote, wamwite walau mara moja yule aliyeshika kalamu siku ya kutia saini. Na fundi anaombwa ashone kwanza, kiatu bado kimeachama.