Utenzi Mfupi wa Bwana -Cl

Wenzangu husifu maharusi na viongozi. Mimi leo namsifu Bwana -Cl, swichi ya kompaila yenye kistari na herufi mbili. Makazi yake ni cc65, kompaila ya lugha ya C kwa kompyuta kongwe za ukoo wa 6502, kama Commodore 64 ya mwaka 1982.

Sifa yake kuu ni ubahili. Prosesa ile ina steki ya baiti 256 tu, kwa hiyo cc65 hulazimika kujiigizia steki nyingine kwa programu, na kila kigeu cha ndani ukikigusa, unalipia. Bwana -Cl hataki gharama hizo. Kila kigeu hupewa chumba chake cha kudumu kwenye kumbukumbu. Hakuna kuhama, hakuna kupisha wageni. Programu inapungua unene na kuongeza mwendo. Ubahili huu ni mtukufu kiasi kwamba fankisheni ikijiita yenyewe, ile ya pili haipewi chumba: inaingia cha mwenzake, inamwaga vilivyomo na kuandika vyake. Tuseme umeandika fankisheni inayojiita yenyewe ili kupaka rangi njia za mchezo: inapiga kona mbili, kisha inasahau ilikotoka. Uchumi ulioje!

Ni mkimya pia. Na ana jina fupi.

Ila jamani, ukimya gani huu? Kompaila inamaliza kazi bila kukohoa, nami nakesha nawinda kosa hadi adhana ya alfajiri, kumbe onyo limekaa kwenye mwongozo, nusu sentensi!

Tuendelee na sifa. Angalau Bwana -Cl anajua baiti ni mali. Kuna app ya kulipia bili, sitaitaja, ambayo kazi yake ni kupokea namba ya mita na kiasi cha pesa. Inataka megabaiti 128 kwenye simu yangu, yaani kumbukumbu ya Commodore 64 elfu mbili na ushei. Nikafuta picha za harusi, bado haikutosha. Dada wa huduma kwa wateja akaniambia kwa upole, "Kaka, simu yako ndiyo ndogo. Badilisha."

Walioiandika app ile naomba wapelekwe JKT yao peke yao. Kila mmoja apewe Commodore moja, na afande wao awe -Cl. Ruhusa ya kurudi nyumbani watapata siku mita yangu itakapolipiwa kwa kilobaiti 64.