Mpango Haujawahi Kufungwa

Tathmini ya kocha wa mpira wa kikapu wa chuo kikuu cha Marekani ni tawi la fasihi simulizi, lenye fomula zake kama ngano. Hutolewa mezani, mbele ya vipaza sauti, muda mfupi baada ya mechi ya dakika 40. Timu ikishinda, vijana wametekeleza mpango, ikishindwa, hawakuutekeleza. Mpango wenyewe haujawahi kufungwa. Waamuzi hawatajwi, maana kuwataja kuna adhabu. Panapowahusu, kocha hukohoa.

Fomula hiyo iligonga mwamba Charlotte, tarehe 16 Machi 2018. Timu ya chuo kikuu cha Virginia, iliyopangwa ya 1 katika kanda yake, ilichapwa 74–54 na UMBC, ya 16, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika mashindano ya NCAA ya wanaume (wanawake wa Harvard walikwisha kuifanyia Stanford hivyo mwaka 1998, bila kelele nyingi). Mapumziko yaliwakuta 21–21. Kipindi cha pili pekee UMBC ilitia pointi 53, karibu sawa na zile ambazo ulinzi wa Virginia, uliosifiwa nchi nzima, ulizoea kuruhusu mechi nzima. Kocha wa Virginia, Tony Bennett, alikiri kwamba wamezidiwa kabisa. Mpango haukupewa hata nafasi ya kujitetea.

Mwaka uliofuata Virginia ilitwaa ubingwa kwa kuilaza Texas Tech 85–77 katika muda wa nyongeza, na wasimulizi wakagundua kwamba kipigo cha Charlotte kilikuwa sehemu ya mpango.