Barua ya Wazi kwa Hazina ya Taifa: Kuna Mfadhili Mmemsahau

Kwa Waheshimiwa wa Hazina ya Taifa,
Nairobi.

MINTARAFU: MFADHILI WA NDANI ASIYEORODHESHWA

Waheshimiwa,

Hakuna asiyejua jinsi mnavyowaenzi wafadhili. Akija wa kutoka ng'ambo, hupokelewa kwa itifaki kamili: bendera mbili mezani, maua katikati, kalamu za kutia sahihi, kisha wanahabari. Nembo yake hupakwa kwenye mlango wa gari, kwenye ukuta wa zahanati na kwenye choo cha shule, na mwisho wa mwaka huandikiwa ripoti ya jinsi kila senti ilivyotumika. Ni jambo jema. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, na nyinyi mmewapita wahenga kwa kumtunza hata anayecheza ugenini. Nawaandikia kuwajulisha kwamba katika orodha yenu limerukwa jina la mfadhili mkubwa anayeishi humu humu nchini, anayetoa kila mwezi bila kukosa, na ambaye kosa lake pekee ni kwamba hana ubalozi.

Mnamkumbuka: ni mhudumu wa afya ya jamii. Tarehe 25 Septemba 2023, katika uwanja wa Uhuru Park, Nairobi, Rais William Ruto alizindua kikosi cha wahudumu zaidi ya 100,000 wa afya ya jamii. Walikabidhiwa mikoba yenye mashine ya kupima shinikizo la damu, kifaa cha kupima sukari, kipimajoto na mizani, pamoja na simu za kutuma ripoti. Kabla ya siku hiyo, tangu mkakati wa afya ya jamii ulipoanza mwaka 2006, wengi walifanya kazi hiyo hiyo kwa jina la wahudumu wa kujitolea, na posho yao ilitegemea ukarimu wa kaunti au shirika lililokuwa na mradi kijijini msimu huo. Safari hii waliahidiwa shilingi 5,000 kwa mwezi: 2,500 kutoka serikali kuu na 2,500 kutoka kaunti. Ulikuwa mpango wa busara ya pekee, kwa maana nusu moja ikichelewa, mwenye nusu ya pili huwa tayari ana wa kumlaumu. Katika kaunti kadhaa wahudumu wamelalamika hadharani kwamba posho hukaa miezi bila kufika, na hapo ndipo busara hiyo inapoonekana vizuri zaidi.

Kwa mgao wa kawaida, mhudumu mmoja huangalia kaya 100 hivi. Katika kaya hizo yumo msichana aliyeacha shule kwa sababu ya mimba, na hatafutwi mbali: utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 15 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kushika mimba. Yumo bibi anayelea wajukuu mayatima kwa shilingi 2,000 za Inua Jamii, mpango wa serikali wa ruzuku kwa wasiojiweza. Yumo kijana aliyeacha dawa za kifua kikuu katikati alipojisikia nafuu, na mtoto ambaye mkono wake, ukizungushiwa ukanda wa kupimia utapiamlo, unaangukia kwenye rangi nyekundu. Daktari hawajui watu hawa mpaka wafikishwe hospitalini, na chifu hawajui mpaka iwepo kesi. Anayewajua mapema ni huyu anayebisha hodi. Utafiti huo huo ulionyesha kwamba watoto waliodumaa walipungua kutoka asilimia 26 mwaka 2014 hadi asilimia 18 mwaka 2022. Sitadai kwamba ni kazi ya wahudumu hawa peke yao, kwa sababu elimu ya kina mama, mavuno na mengine mengi yamo. Naomba tu serikali inapozisoma takwimu hizo kwa fahari kwenye mikutano ya kimataifa, ikumbuke ni nani aliyebeba mizani mlango hadi mlango.

Sasa tufanye hesabu, maana hiyo ndiyo lugha ya nyumbani kwenu. Novemba 2024, kima cha chini cha mshahara wa kibarua wa kawaida katika miji mikubwa kama Nairobi kilipandishwa hadi takriban shilingi 16,100 kwa mwezi. Mtasema, na mna haki, kwamba mhudumu wa jamii hafanyi kazi kutwa. Basi tuseme anafanya nusu ya kazi hiyo, ingawa homa ya mtoto saa nane za usiku haijasoma makadirio yenu. Nusu ni kama shilingi 8,000. Ondoeni posho ya 5,000, tukichukulia kwamba imefika na imefika yote. Zinabaki 3,000, ambazo mhudumu anaipa serikali kila mwezi kutoka mfukoni mwake. Zidisheni kwa watu 100,000 mpate shilingi milioni 300 kwa mwezi, bilioni 3.6 kwa mwaka. Vijijini kima cha chini ni kidogo zaidi, na afisa wenu mwangalifu atapunguza ipasavyo. Akimaliza kupunguza, na aongeze nauli na viatu, kwa sababu huko vijijini nyumba mia moja hazikupangwa kwenye jengo moja la ghorofa, pamoja na salio la simu na unga ambao mhudumu hununua akikuta kaya haijala tangu jana. Atakachopata bado ni msaada wa mabilioni, usio na riba, usio na masharti na usiodaiwa kurudishwa. Mfadhili wa aina hiyo angetoka Ulaya, angeandaliwa chakula cha jioni Ikulu.

Wapo watakaosema nimepotoka tangu mwanzo: kujitolea ni hiari, na taifa letu lenyewe lina neno Harambee kwenye nembo yake. Naiheshimu hoja hiyo, na ndiyo maana naomba tusiwachanganye watu wawili tofauti. Wanawake wa chama wanaochanga kumzika jirani, kijana anayewafundisha wadogo zake wa mtaa kandanda jioni ili wasipotelee vichochoroni, waumini wanaowapikia watoto wa mitaani siku ya Jumapili: hao wanajitolea kweli. Wanachagua siku na kiasi, na wakichoka hupumzika bila kuitwa kujieleza. Mhudumu wa jamii ana orodha ya kaya aliyokabidhiwa, ripoti ya kila mwezi, simu inayotuma takwimu zake serikalini, na msimamizi anayelipwa mshahara ili amuulize kwa nini kaya fulani haijatembelewa. Serikali ilipotaka wananchi wajisajili katika SHA, mamlaka ya bima ya afya ya umma, ilimtuma yeye awafuate majumbani. Shughuli yenye orodha, tarehe na msimamizi tayari ni ajira, na kilichosahaulika ni mshahara tu. Hata enzi za harambee zenyewe, wazazi walichanga kujenga madarasa, kisha wakaidai serikali walimu wanaolipwa. Waliona wazi kwamba mchango wa siku moja unaweza kusimamisha ukuta, lakini haulishi mtu anayetakiwa kufika kila asubuhi.

Hoja ya pili ni ya kiroho zaidi: pesa huua moyo wa huduma, na mhudumu akilipwa vizuri atakuja kwa ajili ya pesa. Hoja hii ingependeza kama ingeanza kutumika kutoka juu. Sijawahi kusikia ikihofiwa kwamba marupurupu ya usafiri yataua moyo wa mbunge wa kulitumikia eneo lake, au kwamba mshahara wa mkurugenzi wa shirika la umma unazima uzalendo wake taratibu. Moyo unaohofiwa kufa kwa pesa, kwa bahati ya ajabu, ni wa yule asiyekuwa nazo, na wengi wa wahudumu hawa ni wanawake. Nakubali kwamba kuna hofu ya kweli iliyojificha ndani ya hoja hii: malipo yakinona, nafasi zitageuka zawadi kwa jamaa za wanasiasa. Lakini dawa ya upendeleo ni uteuzi wa hadharani, barazani, mbele ya kaya zitakazohudumiwa, wala si kuifanya kazi iwe duni kiasi kwamba hakuna fisadi atakayeitamani. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa mwaka 2018, lilipendekeza wahudumu wa afya ya jamii walipwe kulingana na uzito, saa na ujuzi wa kazi yao. Sidhani kama Geneva inachukia moyo wa huduma.

Inabaki hoja mnayoipenda kuliko zote, kwamba hakuna pesa. Madeni ni mazito, mapato hayafiki malengo, na mwananchi amechoka kutozwa. Yote ni kweli. Lakini bajeti yetu inazidi shilingi trilioni 3, na bilioni 3.6 ndani yake hazifiki shilingi moja na senti ishirini katika kila elfu. Isitoshe, gharama ambayo Hazina haikuilipa haikufutika, imehamishiwa tu mahali ambapo mkaguzi wa hesabu hafiki. Mhudumu huyu hakuletwa kutoka mtaa wa matajiri. Huchaguliwa katika jamii ile ile anayoihudumia, na watoto wake husoma na watoto wa kaya zilizo kwenye orodha yake. Siku anayokaa na bibi wa wajukuu mayatima ni siku ambayo hakuuza mboga wala hakulima. Kwa hiyo kila kaya mia moja zenye shida zina kaya ya mia na moja inayozibeba, na hiyo ya mia na moja haimo kwenye orodha ya mtu yeyote. Ibara ya 53 ya Katiba inampa kila mtoto haki ya lishe, makao na huduma ya afya, na Ibara ya 41 inampa kila mfanyakazi haki ya malipo ya haki. Hakuna ibara inayosema ya kwanza itatekelezwa kwa kuivunja ya pili. Mmegundua jinsi ya kuzifanya familia maskini zigharimie huduma za familia maskini, na pengo linalobaki mkaliita uzalendo.

Wafadhili wengine wana tabia moja inayowasaidia kuheshimiwa: wanajua kuondoka. Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, miradi ya UKIMWI nchini ilitikisika na kila mtu akajua ni nani ameondoka. Mfadhili wa kaya mia moja huondoka bila tangazo. Hupata kibarua cha kufua nguo au kibanda cha kuuzia mandazi, akaacha kuja, na hakuna mkutano wa dharura unaoitishwa. Anaondoka akiwa anajua ni nyuma ya mlango gani amefichwa mtoto mwenye ulemavu, ni msichana yupi ametajiwa mchumba kabla ya kumaliza shule, na ni kijana gani hujibu akiitwa kwa upole na hukimbia akiitwa kwa ukali. Maarifa hayo hayamo kwenye simu mliyompa. Anayemrithi huanza mwanzo, mafunzo hulipiwa upya, na zile shilingi mlizookoa kwa kutomlipa wa kwanza huanza kurudi zilikotoka. Hata mhasibu asiyejali mayatima hata kidogo anapaswa kukosa usingizi kwa hesabu hiyo.

Kwa hiyo naomba mfadhili huyu apewe hadhi yake kamili, pamoja na kitu ambacho wafadhili wote huwa nacho na yeye hajathubutu kukiomba, yaani masharti. Kwanza, posho ilipwe tarehe moja kila mwezi, na kaunti ikichelewa, nusu ya serikali kuu isiisubiri. Pili, ipandishwe hatua kwa hatua, kwa ratiba iliyochapishwa, hadi ifikie kima cha chini cha saa anazofanya, na fungu lake lisiguswe kila bajeti ya nyongeza inapotafuta cha kukata. Tatu, anayewasajili wengine katika SHA alipiwe mchango wake mwenyewe, ili asije akaugua akiwa katikati ya kuwafundisha watu faida za bima. Haya hayaui kujitolea. Yanakurudisha kujitolea mahali pake, kwa majirani, kwa chama, kwa makocha wa mitaani, ambako hakuna anayekutumia kama fungu la akiba.

Sharti la nne halina gharama ila wino. Mtakapochapisha vitabu vya bajeti mwezi Juni, kwenye jedwali la washirika wa maendeleo, baina ya benki na mabalozi, ongezeni mstari mmoja: wahudumu wa afya ya jamii, msaada usiorudishwa, na kiasi chake kwa shilingi. Kama hesabu yangu ina kasoro, irekebisheni mbele ya umma, nitashukuru. Kama ni sahihi lakini mnaona haya kuiandika karibu na majina ya mataifa tajiri, basi mtakuwa mmekwisha kukubaliana nami kwamba kuna anayedai, na litakalobaki ni kumlipa.

Wenu mwaminifu,
Raia na mlipa kodi