Shajara ya Masjala

Jumatatu

Sanduku la disketi limeshushwa kutoka stoo ya idara ya ardhi. Ubavuni limeandikwa: "VIWANJA 1995. USITUPE." Namshukuru aliyeandika, maana lilikuwa chini ya matairi chakavu yanayosubiri mnada. Katika jengo letu hakuna kompyuta hata moja yenye mahali pa kuingiza disketi. Kijana wa TEHAMA amezunguka idara zote akarudi mikono mitupu. Fundi redio wa sokoni ndiye anacho kisomeo cha kuchomeka kwenye USB, na anakikodisha kwa siku. Mhasibu ameuliza fedha itoke kifungu gani. Nimeandika dokezo.

Kwa Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002, kumbukumbu za umma hufunguliwa kwa wananchi zikitimiza miaka 30. Karatasi za 1995 zimefika umri huo na zinasomeka, isipokuwa pale panya walipopita. Disketi nazo zimefika, na hakuna anayeweza kuzisoma. Hilo linaniuma kuliko panya.

Jumanne

Kisomeo kimekuja. Disketi ya juu kabisa ina ukungu: ukisogeza kile kibati chake, unaona madoa meupe kwenye sahani ya ndani. Nimeitenga isije ikachafua kisomeo na kuharibu nyingine. Zilizobaki tunazinakili nzimanzima kwa ddrescue kabla ya kugusa faili lolote. Programu hiyo huria huchukua kwanza sehemu zinazosomeka, kisha huzirudia zilizo mbovu, na njia yote huiandika kwenye faili la pembeni.

Saa nne na nusu umeme umekatika. Jenereta haina dizeli. Uliporudi saa tisa, ddrescue imesoma lile faili la pembeni na kuendelea bila kuanza upya.

Jumatano

Mafaili yote ya viwanja yanaishia na WK1, yaani ni ya Lotus 1-2-3, programu ya zamani ya majedwali. Programu tunayoilipia leseni kila mwaka imekataa kuyafungua. LibreOffice, isiyo na leseni ya kulipia, imeyafungua. Kitalu, namba ya kiwanja, jina la mmilikishwa, vyote vipo. Safu ya tarehe ya kumilikishwa imetoka kama namba tupu: 34792, 34795, 34801.

Kijana wa TEHAMA alidhani faili limeharibika. Halikuharibika. Lotus ilihesabu siku kuanzia 1 Januari 1900, na katika hesabu yake iliweka 29 Februari 1900, siku ambayo haikuwahi kuwepo, kwa kuwa mwaka ule haukuwa mrefu. Programu zilizofuata ziliurithi mtindo huo ili mafaili ya zamani yasivurugike. Ukiijua siri hiyo, 34792 ni Jumatatu, 3 Aprili 1995. Tumelinganisha na hati za karatasi zilizobaki, tarehe zimekubaliana.

Nimekaa na jambo hili mchana kutwa. Tarehe ya kumilikishwa ndiyo inayoamua ugomvi wa kiwanja kimoja kilichogawiwa watu wawili. Kama namna ya kuhesabu ingebaki ndani ya kampuni iliyouza programu, haki ya mtu ingekuwa imefungiwa humo pamoja nayo. Tumehifadhi nakala ya pili katika ODF, ambayo maelezo yake ni kiwango cha kimataifa tangu 2006 na yeyote anaweza kuyasoma. Faili la asili limebaki kama lilivyo.

Alhamisi

Flashi imeletwa kutoka idara nyingine ikiwa na mihtasari ya vikao. Ina kirusi kile cha kugeuza mafolda kuwa njia za mkato. Tumeifungua kwenye kompyuta ya Linux na mafolda yote yameonekana. Yalikuwa yamefichwa tu.

PDF moja imegoma. Tumeipitisha kwenye DROID, programu huria ya Hifadhi ya Nyaraka ya Uingereza, ambayo huangalia baiti za faili, si jina lake tu. PDF ya kweli huanza na alama %PDF. Hii imeanza na FF D8, yaani ni picha ya JPEG. Mtu alipiga barua picha kwa simu, akabadili jina la faili. Kidole gumba kimefunika sahihi ya mwenyekiti. Nimeandika barua kuomba karatasi yenyewe na kuisajili kwenye kitabu cha barua.

Mchana amekuja muuza mifumo. Nimemuuliza: mkataba ukiisha, kumbukumbu zitatokaje? Amesema zitabaki salama kwao. Mkuu wangu amependa skrini zake. Nimeongeza dokezo kwamba programu huria nayo ina gharama: diski, mafunzo, mtu wa kuisimamia. Archivematica, kwa mfano, inahitaji seva ambayo hatuna. Na programu hizi nazo hufa. Xena ya Hifadhi ya Taifa ya Australia haijaendelezwa kwa muda mrefu, lakini ilichokihifadhi ilikifunga ndani ya XML, na hadi leo kinafunguka bila Xena. Hilo ndilo ninalolitaka kwenye mkataba wowote.

Ijumaa

Ukaguzi wa nakala rudufu. Kila faili lina alama yake ya SHA-256, herufi na tarakimu 64, na herufi moja ikiguswa ndani ya faili alama yote hubadilika. Muhtasari mmoja alama yake haikulingana. Ofisa mmoja aliufungua, akaona jina la mtaa limekosewa, akalisahihisha na kuhifadhi. Alikusudia wema na jina aliloweka ni sahihi. Lakini kikao kile kiliandika vile, na hakimu akiuliza kiliandika nini, lazima tuwe na jibu. Nimerudisha faili kutoka nakala ya kwanza. La kwake limepewa namba mpya na tarehe ya leo.

Jumatatu

Bibi mmoja amefika kuulizia kiwanja cha marehemu mumewe.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Waliniambia faili limepotea."

Tumelipata kwenye disketi ya tatu: kitalu, namba, tarehe. Wino wa printa umeisha. Wa idara ya elimu haukuingia, wa idara ya mifugo umeingia. Bibi amesubiri kwenye benchi hadi saa nane. Kwenye karatasi, jina la mume lina herufi moja pungufu. Ameniomba niiongeze palepale. Nimemweleza kwamba faili la 1995 halibadilishwi, nikamwelekeza akaape hati ya kiapo kuhusu jina. Kiapo kikija kitasajiliwa kwa namba yake na kuunganishwa na ukurasa ule, mahakama ivione vyote viwili. Amekubali. Kesho ataenda na shemeji yake.